Samaki wa Bwawani Wakati wa Kipupwe

Katika mabonde ya Njombe na Makete, asubuhi ya mwezi wa Julai yaweza kukuta majani yamegeuka meupe kwa sakitu. Mfugaji anaposhuka bwawani kwake huona perege watatu wameelea kando ya maji, na juu ya magamba yao pana madoa meupe mfano wa pamba. Siku ya pili wamekuwa saba, na siku ya tatu kumi na wanne. Wakati kama huo mashaka mengi huingia moyoni. Wapo wanaodhani kwamba jirani ametia sumu. Wapo wanaoongeza pumba, wakiamini kwamba samaki wana njaa. Wapo pia wanaofungulia maji ya kijito usiku kucha ili kulisafisha bwawa. Dhana ya kwanza huvunja ujirani mwema, na hatua hizo mbili nyingine aghalabu huzidisha vifo. Adui mwenyewe alikwisha kuingia bwawani tangu mwezi wa Mei, naye ni baridi.

Hasara ya namna hii haiishii kwenye kitoweo. Samaki wazazi wakifa mwezi wa Julai, hapatakuwa na vifaranga mwezi wa Oktoba maji yatakapopata joto, na mwaka mzima wa kazi utakuwa umepotea. Kwa hiyo yafaa mwalimu na mwanafunzi waelewe jinsi baridi inavyofanya kazi, kwani somo hili hugusa fizikia, kemia na biolojia kwa pamoja.

Mnyama asiyejitengenezea joto

Mwili wa binadamu hudumu katika joto la nyuzi 37 hivi za sentigredi, iwe ni Tanga au Kitulo. Samaki hana uwezo huo. Joto la mwili wake hufuata joto la maji yaliyomzunguka. Maji yakiwa na nyuzi 16, damu yake, misuli yake na tumbo lake pia huwa na nyuzi 16 au karibu na hapo.

Shughuli zote za uhai hutegemea mabadiliko ya kikemia yanayosimamiwa na vimeng'enya. Kwa kadirio la jumla, joto likipungua kwa nyuzi 10, kasi ya mabadiliko hayo hushuka hadi nusu au theluthi ya ilivyokuwa. Ndiyo maana perege, ambaye asili yake ni maji ya joto, hukua vizuri kabisa katika maji ya nyuzi 27 hadi 30. Chini ya nyuzi 20 hivi huacha kuzaa na hamu yake ya kula hupungua sana. Karibu na nyuzi 15 huacha kula. Maji yakishuka hadi nyuzi 12 au chini yake na kudumu hivyo kwa siku kadhaa, wengi huanza kufa.

Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000. Kwa hiyo perege aliyepelekwa huko huishi karibu na ukingo wa uwezo wake, na wakati wa kipupwe tofauti ya nyuzi 3 tu yaweza kuamua kama atapona au atakufa.

Bwawa hupotezaje joto lake?

Mchana bwawa hupokea joto la jua. Usiku hulitoa kwa njia tatu: kwa mnururisho kuelekea anga, hasa pasipo na mawingu, kwa maji kugeuka mvuke, na kwa upepo baridi unaopita juu ya maji. Njia zote hizo hupitia usoni pa bwawa. Joto lenyewe, hata hivyo, limehifadhiwa katika maji yote. Kwa hiyo mabwawa mawili yenye eneo sawa hupoteza joto karibu sawa, lakini lile lenye kina kikubwa hupoa kidogo zaidi.

Hesabu ifuatayo yaonyesha jambo hilo. Ichukuliwe kwamba katika usiku mmoja kila mita mraba ya uso wa bwawa hupoteza kilojuli 6,300. Kilo moja ya maji ikipoteza kilojuli 4.2 hupoa kwa nyuzi 1. Chini ya mita mraba moja ya bwawa lenye kina cha sentimita 50 pana kilo 500 za maji, nazo zitapoa kwa 6,300 ÷ (4.2 × 500), yaani nyuzi 3. Bwawa la mita 1.5 lina kilo 1,500 mahali hapohapo, nalo litapoa kwa nyuzi 1 tu. Maji yaliyokuwa na nyuzi 15 jioni yatakuwa na nyuzi 12 asubuhi katika bwawa la kwanza, na nyuzi 14 katika la pili.

Barafu ya Ulaya na somo lake

Husemwa mara nyingi kwamba samaki hukimbilia chini kwa sababu huko kuna joto. Usemi huo ni kweli mahali pengine na si kweli mahali pengine, na sababu yake ni tabia ya ajabu ya maji.

Maji yanapopoa huongezeka uzito kwa ujazo uleule, lakini mpaka nyuzi 4 tu. Yakipoa zaidi ya hapo huanza kuwa mepesi tena, na barafu ni nyepesi kuliko maji, ndiyo sababu huelea. Katika nchi ya Ucheki, karibu na mji wa Třeboň, yapo mabwawa ya samaki ya tangu zamani. Bwawa kubwa kuliko yote, Rožmberk, lilijengwa kati ya mwaka 1584 na 1590. Wakati wa majira ya baridi uso wa mabwawa hayo huweza kuganda, lakini maji mazito ya nyuzi 4 hivi hubaki chini. Samaki aitwaye kapu hutulia humo bila kula mpaka majira ya kuchipua. Hatari yake kubwa huko ni theluji inayofunika barafu na kuzuia mwanga, mimea ya majini ikashindwa kutoa oksijeni. Kwa sababu hiyo theluji huondolewa na matundu hukatwa katika barafu.

Bwawa la Njombe halifiki nyuzi 4. Kati ya nyuzi 20 na 12, maji yaliyopozwa usoni ni mazito kuliko yaliyo chini, kwa hiyo huzama, na yale ya chini hupanda ili nayo yapozwe. Ikifika alfajiri, bwawa zima huwa na joto karibu sawa toka juu hadi chini. Kina kirefu humsaidia perege kwa kuwa kinahifadhi joto jingi. Hakimpatii chumba cha joto cha kujifichia chini. Na hata maji ya nyuzi 4 yangebaki chini, yangemuua perege, kwani mwili wake haukuumbwa kama wa kapu.

Je, ni baridi, ni ukosefu wa oksijeni, au ni sumu?

Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Usawa wa bahari, lita moja ya maji safi ya nyuzi 30 huweza kubeba miligramu 7.6 za oksijeni, na ya nyuzi 20 miligramu 9.1, na ya nyuzi 10 miligramu 11.3. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 viwango hivyo hupungua kwa karibu moja ya tano, lakini bado hutosha, maana samaki aliyepoa hutumia oksijeni kidogo. Kwa hiyo vifo vya Julai aghalabu havitokani na ukosefu wa hewa, ila pale ambapo bwawa limejaa samadi na chakula kilichooza.

Dalili zenyewe zaweza kutofautishwa. Ikiwa oksijeni imepungua, samaki hupanda juu alfajiri na kuhema wakiwa wameachama midomo, nao hupata nafuu jua linapopanda. Ikiwa ni baridi, samaki huzubaa, huogelea upande upande, hawashtuki mtu akikaribia, na hufa wachache wachache kwa siku nyingi. Ikiwa ni sumu, samaki wa kila ukubwa huweza kufa kwa ghafula katika muda wa saa chache, mara nyingi pamoja na vyura na wadudu wa majini. Kabla ya kumtuhumu mtu, yafaa kwanza kutia kipimajoto majini.

Chakula kisicholiwa

Anayeongeza pumba wakati wa baridi hufanya hivyo kwa huruma, lakini tumbo la perege aliyepoa halisagi chakula. Pumba huzama, huoza polepole na kuchafua maji. Samadi nayo hujilimbikiza kwa kuwa vijidudu vya kuozesha pia vimepoa. Joto linaporudi mwezi wa Septemba, mrundikano huo wote huanza kuoza kwa haraka na kuinyonya oksijeni. Hivyo huenda samaki walionusurika na baridi wakafa kwa kukosa hewa wakati mwenye bwawa ameanza kufurahi.

Kanuni nyepesi ni hii. Maji yakiwa juu ya nyuzi 25, samaki wakubwa wapewe kwa siku chakula chenye uzito wa asilimia 3 hivi ya uzito wao wote. Kati ya nyuzi 20 na 25, asilimia 2 yatosha. Kati ya 16 na 20, asilimia 1 au chini yake, saa 8 mchana maji yakiwa yameota jua. Na kilichobaki baada ya robo saa kiwe onyo la kupunguza. Chini ya nyuzi 16, chakula na samadi visitishwe kabisa. Samaki mwenye afya aliyeingia kipupwe akiwa na mafuta mwilini huweza kuvumilia majuma kadhaa bila kula.

Pamba juu ya magamba

Madoa mfano wa pamba ni nyuzinyuzi za kiumbe kinachofanana na kuvu, kiitwacho saprolegnia. Mbegu zake zimo karibu katika kila bwawa, lakini haziwezi kitu mbele ya samaki mzima. Ute unaofunika ngozi ya samaki huzizuia, na kinga ya mwili huziangamiza. Baridi hudhoofisha kinga hiyo. Wavu au mikono mikavu ya mtu ikikwangua ute, mlango huwa umefunguliwa.

Ndiyo maana haifai kuvua, kupanga au kusafirisha samaki wakati wa kipupwe. Kazi hizo zifanywe kabla ya katikati ya Mei, au zingoje hadi Oktoba. Samaki wachache walioanza kuugua huweza kuogeshwa katika maji ya chumvi, gramu 10 kwa kila lita, kwa muda wa dakika 20, na kuondolewa mara wakionyesha taabu. Waliokufa watolewe kila siku na kufukiwa mbali na maji. Hata hivyo kinga ni bora kuliko tiba, kwani bwawa zima haliwezi kuogeshwa.

Maandalizi ya Machi na Aprili

Bwawa likingali na joto, mambo matano yatimizwe. Kwanza, tope liondolewe ili kina kirudi kuwa mita 1 hadi 1.5. Pili, samaki walishwe vizuri ili waweke akiba mwilini, na wakubwa wavuliwe ili msongamano upungue. Tatu, matawi yanayotia kivuli upande wa mashariki yakatwe, jua la asubuhi lifike mapema majini. Nne, upande wa kusini-mashariki, unakotoka upepo wa kusi, uwekwe kizuizi cha mianzi au cha majani makavu.

Tano, mfereji udhibitiwe. Kijito cha mlimani kinachoingiza lita 1 kwa sekunde huleta lita 43,200 kwa saa 12 za usiku. Katika bwawa lenye lita 200,000 za maji ya nyuzi 19, maji hayo yakiwa na nyuzi 12 hulipoza kwa zaidi ya nyuzi 1, mbali na upoaji wa kawaida. Basi mfereji ufungwe usiku, na maji ya kufidia yaliyopungua yaingizwe mchana tu.

Mahali ambapo maji hudumu chini ya nyuzi 15 kwa miezi mingi, busara ni kutomlazimisha perege. Huko hufaa samaki wa maji baridi kama trauti, ambaye hutaka maji yasiyozidi nyuzi 20, safi na yanayotiririka daima.

Jaribio la darasani

Tieni lita 10 za maji katika beseni pana, na lita 10 nyingine katika ndoo nyembamba. Zungushieni ubavu wa kila chombo majani makavu, na vyote viwekwe nje mahali pamoja. Pimeni joto la maji saa 12 jioni na saa 12 asubuhi kwa siku tano, mkiandika pia kama anga lilikuwa wazi au na mawingu, na kama upepo ulivuma.

Maswali

1. Chombo kipi kilipoa zaidi, na kwa nini?
2. Ikiwa kila mita mraba hupoteza kilojuli 6,300 kwa usiku, bwawa lenye kina cha sentimita 75 litapoa kwa nyuzi ngapi?
3. Kwa nini usiku wa mawingu si wa kuogopwa kama usiku wa nyota?
4. Mfugaji amekuta samaki 6 wamekufa, na jana walikufa 4. Vyura wanalia kama kawaida, na maji yana nyuzi 13. Mwelezeni kilichotokea, na mambo ambayo asiyafanye leo.