Matangazo ya Google: Dalali anayelipwa hata mteja asiponunua

MFANYABIASHARA wa Kwa Mrombo, jijini Arusha, anamfahamu dalali. Dalali humleta mnunuzi. Mali ikiuzwa anapata chake, isipouzwa anaondoka mikono mitupu. Kwenye intaneti yupo dalali wa aina nyingine. Huyu hulipwa kwa kumfikisha mtu mlangoni tu, anunue asinunue. Mwenye tovuti asiyeijua tofauti hiyo anaweza kumaliza mtaji huku simu yake ikiwa kimya.

Dalali huyo ni tangazo la kulipia linalotokea pamoja na majibu pale mtu anapotafuta jambo Google. Utaratibu wa kulipia kila mbofyo kwa mnada ulianzishwa mwaka 1998 na kampuni ya GoTo.com ya California, Marekani. Google ilianza kuuza matangazo yake, yaliyoitwa AdWords, Oktoba 2000, na mwaka 2002 nayo ikaingia katika mnada wa mibofyo. Tangu 2018 huduma hiyo inaitwa Google Ads.

Nani anafaidika

Mwaka 2012 kampuni ya eBay ya Marekani ilisimamisha baadhi ya matangazo yake ya aina hii ili kupima faida yake. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015 na wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, yalionyesha kuwa karibu watu wote walioandika jina la eBay walifika kwenye tovuti yake hata bila tangazo. Waliovutwa na matangazo ni wateja wapya na wale wanaonunua kwa nadra.

Funzo hapo ni kwamba tangazo la kulipia halimsaidii sana anayejulikana tayari. Linamfaa asiyejulikana, mwenye bidhaa ambayo watu wanaitafuta. Kwa Arusha, anayelengwa hasa ni kampuni ndogo ya utalii. Mgeni aliyeko Ujerumani au Marekani huanza kuitafuta safari yake kabla hajapanda ndege, wala hapiti barabarani kuona kibao cha ofisi.

Mwenye jiko la nyama choma Kwa Mrombo hayuko katika hali hiyo. Wateja wake wanatoka jijini, huambiana wenyewe, na faida ya kilo moja ya nyama haihimili gharama ya mibofyo mingi. Kwake hatua ya kwanza ni kuandikisha biashara kwenye ramani ya Google, jambo lisilotozwa ada.

Hesabu ya mteja mmoja

Chukua mfano wa kampuni inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro, ambayo kila mbofyo unaigharimu dola 2 za Marekani. Mibofyo 100 ni dola 200. Ikiwa katika watu hao 100 watano wanauliza bei, na mmoja kati ya watano analipia safari, basi mteja huyo amenunuliwa kwa dola 200.

Ikiwa faida ya safari hiyo, baada ya kutoa ada za hifadhi, malipo ya waongozaji na wapagazi, chakula na usafiri, ni dola 300, kampuni inabaki na dola 100. Ikiwa faida ni dola 150, kampuni inapoteza dola 50 kwa kila mteja. Hapo kadiri wageni wanavyoongezeka ndivyo hasara inavyokua, ingawa ofisi inaonekana imechangamka. Gharama za benki za kubadili fedha na kodi nazo ziingizwe katika hesabu.

Dola zinavyopotea

Upotevu mkubwa huanzia kwenye maneno. Anayenunua neno "Kilimanjaro" peke yake anaweza kumlipia mtu anayetafuta uwanja wa ndege wa KIA, bia, maji ya chupa, au mwanafunzi anayetaka kujua kuwa mlima huo una urefu wa mita 5,895. Dawa yake ni kununua maneno ya mtu aliyekwisha amua, kama vile bei ya kupanda kwa njia ya Machame kwa siku saba, na kuandikisha maneno ya kuzuia ili tangazo lisitokee kwa wasiohusika. Vilevile nchi zinazolengwa zichaguliwe.

Pili, katika mnada huu mwenye fedha nyingi si lazima awe wa kwanza. Google hupima pia kama tangazo linalingana na swali la mtafutaji, na kama ukurasa anaofikia unamfaa. Mgeni aliyeuliza bei ya Machame akipelekwa kwenye ukurasa wa mbele wenye picha za simba, ataondoka, na mbofyo umekwisha kulipiwa. Apelekwe penye bei, ratiba, namba ya leseni ya utalii na anwani ya ofisi.

Tatu ni kiwango cha matumizi. Kinachopangwa ni wastani wa siku. Siku moja Google inaweza kutumia hadi mara mbili ya kiwango hicho, ila jumla ya mwezi haizidi kiwango cha siku mara 30.4. Aliyepanga dola 10 asishtuke akikatwa 20 leo, lakini awe tayari kwa dola 304 kwa mwezi.

Kabla ya kutoa kadi ya benki

Mwenye biashara aandike kwanza faida halisi anayopata kwa mteja mmoja. Atenge fedha ambazo hata zikipotea mishahara italipwa. Kisha kila anayepiga simu au kuandika aulizwe ameijuaje kampuni, na jibu liandikwe daftarini. Mwisho wa mwezi fedha zilizolipwa zigawanywe kwa idadi ya wateja walioletwa na tangazo na kulipia safari. Jibu likizidi faida ya mteja mmoja, na marekebisho ya maneno na ukurasa yakashindwa kulishusha, tangazo lisimamishwe.