Picha za Kumaliza Kidato cha Nne: Panga Siku, Panga na Malipo

Mimi nilimaliza Kidato cha Nne nikiwa na picha moja tu ya marafiki zangu wote. Tena ni ile ya ukungu, iliyopigwa kwa simu ya kaka ya mmoja wetu siku ya maombi.

Si kwamba hatukujaribu. Tulikuwa wasichana 12, kila mmoja akachanga Sh500. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hivyo mama yangu akawa mweka hazina. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, alituma Sh6,000 zote kwa nambari ya kibinafsi ya mpiga picha. Jamaa alikuja, akapiga picha, akacheka na sisi, akaenda zake. Baada ya hapo, mteja hapatikani.

Mama aliwarudishia wazazi wenzake pesa zao kutoka mfukoni mwake. Picha hakuweza kuzirudisha. Leo mmoja wetu anafanya kazi Qatar, wengine wametawanyika kaunti mbalimbali, na hatujawahi kukutana sote 12 tena.

Kosa letu lilikuwa moja: tulilipa kila kitu kabla ya kupokea chochote. Kama una mtoto, ndugu au binamu anayemaliza mwaka huu, soma hatua hizi kabla hujatuma hata shilingi.

1. Elewaneni kwanza, kwa maandishi

Muulize mpiga picha: Utatupa picha ngapi? Ngapi zitakuwa zimehaririwa? Za kuchapishwa ni ngapi, na za ukubwa gani? Tutazipata tarehe gani? Nauli yako iko ndani ya bei? Majibu yawe kwenye SMS au WhatsApp. Maneno ya kwa simu husahaulika haraka sana. Omba pia kuona kazi yake ya awali na uongee na mteja mmoja aliyemhudumia.

2. Gawanya malipo mara tatu

Tuseme bei ni Sh6,000. Lipa Sh2,000 ili akuwekee siku, Sh2,000 nyingine baada ya kupiga picha, na Sh2,000 za mwisho ukishapokea picha zote mlizokubaliana. Mpiga picha naye ana gharama zake, kwa hivyo ni haki apate kitu mapema. Lakini ile sehemu ya mwisho ndiyo inayomfanya akumbuke kazi yako.

3. Soma jina kabla ya kuweka nambari ya siri

Kama ana till ya biashara, lipa hapo. Jina la anayepokea likionekana kwenye simu yako, lisome polepole. Kama si jina mlilokubaliana, katiza na umpigie kwanza. Ukikosea nambari, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo, kwa sababu pesa zikishatolewa na aliyezipokea, kuzirudisha ni kazi ngumu. Na usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri, hata akisema anakusaidia kurudisha pesa.

4. Mweka hazina, angalia salio

Wazazi wakianza kutuma michango, andika jina la mwanafunzi, kiasi na tarehe. Usitegemee SMS pekee, maana kuna jumbe bandia zinazofanana sana na za kweli. Mtu akikuambia, "Nimekutumia kimakosa, nirudishie," angalia salio lako kwanza. Hata kama pesa zimeingia kweli, mwambie afuate utaratibu wa huduma kwa wateja. Usitume wewe mwenyewe.

5. Siku ya picha

Chagueni siku mapema, kabla presha ya KCSE haijapanda. Saa ni muhimu: kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, jua huwa la upande na sura hutoka vizuri. Saa sita mchana jua liko utosini na macho huwa na kivuli. Likiwa kali, simameni kwenye kivuli cha jengo, wote pamoja.

Nguo zipigwe pasi usiku. Tai, sweta na bleza zikaguliwe vifungo. Kama shule inaruhusu kusuka, suka siku mbili tatu kabla ili kichwa kisiwe kinauma. Beba leso ya kupangusa jasho na mafuta usoni, maana uso unaong'aa hurudisha mwanga. Mwenye miwani ainamishe kidevu kidogo. Na msianze na mizaha: pigeni kwanza picha ya wote, halafu mmoja mmoja, ndipo mruke mnavyotaka.

6. Pokea picha zenyewe, kisha malizia malipo

Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na ukiichapisha kubwa itaonyesha. Mwambie azitume kama hati, au aweke kwenye flashi. Fungua kila picha, hesabu, hifadhi mahali pawili. Sasa tuma ile Sh2,000 ya mwisho, na uhifadhi ujumbe wa malipo.

7. Ulizeni kabla ya kuweka mtandaoni

Baadhi ya watahiniwa hawa hawajafikisha miaka 18. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka wa 2023, shule moja ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mpiga picha akitaka kuzitumia kwa matangazo yake, aombe.

Jipime

Mpiga picha anakuandikia saa tatu usiku: "Lipa zote leo nikupunguzie Sh1,000." Utafanyaje?

Jibu: Mshukuru, kisha mwambie punguzo aliondoe kwenye malipo ya mwisho. Akiwa mkweli, hatakuwa na shida. Akikataa na kukuharakisha, tafuta mwingine. Wapiga picha ni wengi, lakini hilo darasa litakuwa pamoja mara hii moja tu.

Mtumie makala haya mweka hazina wa darasa lenu kabla michango haijaanza.