Shangazi, niende Dar kufanya kazi za ndani?

SWALI: Nina miaka 17, naishi Mlandege, Iringa. Nimemaliza kidato cha nne, nikapata daraja la nne lenye D nne. Mama anauza mboga na wadogo zangu wawili wanasoma. Kuna mama mmoja anapita mtaani akitafuta wasichana wa kazi za ndani Dar es Salaam. Nauli atalipa yeye, na mshahara anasema "mtaelewana mkifika". Mama anataka niende, lakini mimi natamani kujifunza ushonaji. Naogopa kumkatalia. Nifanyeje?
Binti wa Mlandege

JIBU: Mwanangu, usiende kwa masharti hayo.

Mabinti wa Iringa wamepelekwa Dar kwa miaka mingi, na wapo waliopata mabosi wema wakasaidia kwao. Kazi za ndani ni kazi halali. Ninachokataa ni hiyo "mtaelewana mkifika". Ukishafika huko, karibu kilomita 500 kutoka kwa mama yako na huna hata nauli ya kurudi, utapokea chochote utakachopewa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi aina ya kazi, mahali, saa za kazi na mshahara. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Ukichukuliwa Iringa ukafanye kazi Dar, ajira ikiisha ni wajibu wa mwajiri kukurudisha ulikochukuliwa. Na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, wewe bado ni mtoto: ni marufuku kukufanyisha kazi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Muulize huyo mama kama mwajiri atakayekupeleka kwake atakubali hayo.

Sasa tuje kwenye cherehani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana chuo hapa Iringa. Nenda na mama mkaulize ada ya kutwa, kozi fupi za ushonaji na fomu zinatoka lini. Ada ikiwashinda, tafuta fundi mzuri wa hapo mtaani akupokee kama mwanagenzi, ila mpatane mapema, mbele ya mama: utajifunza kwa muda gani, utaanza lini kukata kitambaa, na ukishona nguo ya mteja utalipwa nini. Bila hivyo unaweza kumaliza mwaka ukifagia na kupiga pasi. Ujuzi ukikolea, VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti.

Ukifika miaka 18, jiunge na wenzako kwenye kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vyerehani viwili vya kikundi vinaweza kuanzia hapo.

Kuhusu mama, usimjibu kwa hasira. Ana mzigo, naye anaona wewe umeshakua. Mwambie: "Mama, sijakataa kufanya kazi. Naomba nikusaidie sokoni asubuhi, mchana niende kwa fundi." Kaeni na daftari mpige hesabu ya nyumba. Kama bado hamuelewani, mwombe shangazi yako au mjomba anayemheshimu akae nanyi.

Ukiona binti mwenzio anasafirishwa kwa kificho, au wewe ukalazimishwa, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Na wewe mama mzazi, nakuomba kwa heshima: kabla hujamkabidhi mwanao kwa mtu, dai jina la mwajiri, namba yake ya simu, mtaa anaoishi na mshahara ulioandikwa, na nakala ibaki ofisi ya serikali ya mtaa. Asiyeweza kukupa hayo manne, asiondoke na mwanao.