SOMO LA ROBO HII: MWILI, NAFSI NA AMANI YA KIJIJI



Katika toleo hili tunajifunza kwa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeandika karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake Charmides, kijana mmoja anaumwa kichwa. Socrates anamweleza kuwa jicho halitibiwi bila kichwa, kichwa hakitibiwi bila mwili, wala mwili bila nafsi. Na dawa ya nafsi ni maneno mema.

Katika Jamhuri, Plato anasema nafsi ina sehemu 3: akili, ushujaa na tamaa. Mji nao una viongozi, walinzi na wazalishaji. Haki ni kila sehemu kufanya kazi yake bila kupora ya mwenzake, zikipatana kama sauti za muziki. Hatukubaliani naye katika yote. Yeye aliwaachia wachache waamue. Sisi tunaamini kila mtu amejaliwa akili, na asikilizwe.

Tutazame Rufiji. Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali iliwahamishia watu wa bondeni kwenye miinuko. Nia ilikuwa kuokoa maisha. Lakini mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni, na wakulima waliendelea kurudi kwenye madungu yao kulima na kulinda mpunga. Makazi yalihama, riziki ikabaki. Mafuriko ya 2024 yalipoikumba Rufiji na Kibiti, watu walihimizwa tena kuhama. Na kati ya 2015 na 2017, viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa Kibiti. Jeraha la namna hiyo haliponi kwa mabomba ya maji.

Basi tukienda Ruaruke na mradi wa kisima au zahanati, tukumbuke kuwa saruji ni huduma ya mwili. Kabla ya kuchimba, tuketi na wazee, akina mama na vijana, Waislamu na Wakristo. Tuulize nani atatunza funguo, nani atashika fedha, na nani hajasema neno kwa sababu anaogopa. Wafadhili wetu, msituulize idadi ya visima tu. Tuulizeni pia kama watu wanakaa mkutano mmoja.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika kamati yetu, nani anafanya kazi ya mwenzake?
2. Ni mradi gani tuliujenga kabla ya kusikiliza? Tutaurekebishaje?