Kwa nini chungu hupasuka motoni?

SWALI: Mimi ni mfinyanzi mpya. Udongo nauchimba bondeni, vyungu naanika wiki nzima, lakini motoni vinapasuka. Nifanyeje?

JIBU: Kuanika umeanika vya kutosha, mimi naushuku udongo. Wa bondeni mara nyingi ni laini mno, hunywea sana ukikauka, na nyufa huanza kabla hujawasha moto. Uloweke, toa mawe na mizizi, kisha changanya na vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa: anza na sehemu moja kwa nne za udongo. Kigae kimeshapita motoni, hakinywei tena, na chembe zake huupa mvuke njia ya kutokea. Usikitupe kamwe chungu kilichovunjika!

Kanda kwa uzito wa mwili wako wote. Kata bonge kwa uzi. Ukiona vitundu vya hewa, endelea kukanda.

Zana ghali huhitaji. Kipande cha kibuyu kinatosha kukwangua ukuta uwe na unene mmoja, hasa kitako, ambacho wanaoanza hukiacha kinene. Kokoto laini ya mtoni ni ya kung'arishia, chungu kikiwa kimekauka nusu.

Kabla ya kuchoma, vipashe vyungu taratibu kando ya moto mdogo.