SOMO LA USHAIRI: ULEMAVU, UTU NA MSIBA WA FAMILIA

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili uweze: (a) kueleza jinsi mshairi anavyomchora mtu mwenye ulemavu ndani ya familia, (b) kutofautisha huruma na heshima, (c) kujibu swali la dhamira kwa kutoa ushahidi kutoka kwenye shairi.

Utangulizi

Wanafunzi wengi wakikutana na shairi lenye mhusika mwenye ulemavu huandika haraka: "Mshairi anatuasa tuwahurumie walemavu." Jibu hili mara nyingi halitoshi, na wakati mwingine si sahihi kabisa. Kabla ya kuandika, jiulize maswali matatu:

1. Nani anasema? Nafsineni ni mtu mwenyewe, ndugu yake, au mtazamaji wa mbali? Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utendi maarufu wa mawaidha akiwa mgonjwa. Mgonjwa yule si wa kusikitikiwa tu, ndiye anayefundisha.
2. Anaitwaje? Maneno kama *kipofu*, *kiziwi* na *kiwete* humtaja mtu kwa kasoro yake tu. *Dada*, *mwanangu* au jina lake humtaja kwa nafasi yake katika familia. Hata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 hapa Tanzania inamtanguliza *mtu*, ulemavu unafuata.
3. Kinacholiliwa ni nini? Ni ulemavu, au ni kuondokewa na mpendwa? Shaaban Robert alipomwombolezea mkewe katika shairi la "Amina", alimlilia mtu aliyeishi naye. Mwenye ulemavu naye hustahili kuliliwa hivyo hivyo.

Shairi la mazoezi

Shairi hili limetungwa kwa ajili ya somo hili. Familia ni ya kubuni. Mandhari ni Kitaya, kijiji cha Mtwara kando ya Mto Ruvuma. Dada mkubwa, aliyezaliwa na ulemavu wa miguu, amefariki. Mdogo wake anasikia waombolezaji wakimfariji mama.

*Wamekuja majirani, pole zao wakasema,*
*Umetuliwa begani, pumzika sasa mama,*
*Nami nipo barazani, neno hilo lanichoma,*
*Hakuwa mzigo kwetu, alikuwa dada yetu.*

*Miguu ilikataa, mikono haikuchoka,*
*Alisuka akikaa, mikeka ikauzika,*
*Vitabu, sare na taa, vyote kwake vilitoka,*
*Hakuwa mzigo kwetu, alikuwa dada yetu.*

*Kona yake iko wazi, nyumbani pana ukiwa,*
*Nadondokwa na machozi, si kwa alivyozaliwa,*
*Namlilia mlezi, kwake nilihifadhiwa,*
*Hakuwa mzigo kwetu, alikuwa dada yetu.*

Uchambuzi

*Fani.* Shairi ni la kimapokeo, aina ya tarbia: kila ubeti una mishororo minne. Kila mshororo una vipande viwili vya mizani nane nane, jumla 16. Vina vya ubeti wa kwanza ni *-ni* na *-ma*. Vya kibwagizo ni *-tu* na *-tu*. Hesabu mwenyewe ubeti wa pili na wa tatu.

*Sitiari.* Majirani wanaposema "umetuliwa begani", wanamfananisha marehemu na mzigo bila kulitamka neno lenyewe. Nafsineni ndiye analitamka, ili alikanushe.

*Kinaya.* Aliyedhaniwa kubebwa ndiye aliyekuwa anabeba. Ubeti wa pili unatoa ushahidi: fedha za mikeka zilinunua vitabu, sare na taa.

*Tashihisi.* Miguu "ilikataa", mikono "haikuchoka". Viungo vimepewa tabia za binadamu. Angalia pia kwamba ulemavu haukufichwa. Umetajwa katika kipande kimoja, kisha mshairi akaendelea na kazi ya mhusika.

*Takriri.* Kibwagizo kinarudiwa mara tatu kama mtu anayewajibu wageni, mmoja baada ya mwingine.

*Dhamira.* Msiba ni wa kumpoteza mlezi. "Si kwa alivyozaliwa" ndiyo kauli inayotenganisha huzuni na ulemavu.

Tahadhari

Usiwahukumu majirani kuwa ni watu wabaya. Wamefika msibani, wamekaa na wafiwa, wana nia njema. Hapo ndipo uzito wa shairi ulipo: neno la faraja linaweza kumvunjia marehemu heshima bila msemaji kujua. Pia usiseme dada anastahili heshima *kwa sababu* alileta fedha. Soma tena kibwagizo: sababu iliyotajwa ni moja tu, alikuwa dada yetu. Asingesuka hata mkeka mmoja, kauli hiyo ingebaki kuwa kweli. Huenda nyumbani kwenu yupo ndugu wa namna hii. Lipime shairi kwa unavyomjua yeye.

Mfano wa jibu

*Swali: Mshairi ametetea vipi utu wa mwenye ulemavu?*

*Jibu:* Mshairi ametetea utu wa mwenye ulemavu kwa kumtaja kwa nafasi yake katika familia. Katika kibwagizo anasema "Hakuwa mzigo kwetu, alikuwa dada yetu." Kauli hii inapinga mtazamo wa majirani katika ubeti wa kwanza kwamba kifo chake ni nafuu kwa mama.

Hoja, ushahidi, maelezo: fuata mpangilio huo katika kila hoja.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini nafsineni yupo barazani na hawajibu majirani kwa sauti? Toa maoni yako.
2. Eleza tofauti ya huruma na heshima kwa kutumia mifano miwili kutoka kwenye shairi.
3. Tunga ubeti mmoja wa tarbia ambamo dada mwenyewe, akiwa hai, anazungumza na mdogo wake. Zingatia vina na mizani.