Kupanga Safari Fupi ya Kericho: Tuanzie Mwisho

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Hawakukosea. Lakini mwenda bila mpango aghalabu haendi kabisa. Mwaka jana chama chetu kilitaka kwenda Kericho kwa siku moja, na wanachama thelathini wakajiandikisha. Siku tatu kabla ya safari, tisa walikuwa hawajatoa hata ndururu. Wazazi wa wengine wanne walikataa kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaambia watoto wao wangerudi saa ngapi. Basi safari ikafa. Mwaka huu mlezi wa chama ameniomba niandike somo hili ili yasitokee tena yale yale.

Somo lenyewe naweza kulieleza kwa sentensi moja: mwanafunzi wa kutwa hupanga safari kuanzia mwisho. Wenzetu wa bweni wakichelewa, wanafika shuleni na kulala. Sisi tukichelewa, kila mtu ana njia yake ya kutembea gizani, huyu Manyatta, yule Nyalenda, yule Nyamasaria.

1. Kwa nini Kericho?

Kwanza, ni karibu. Kutoka Kisumu hadi Kericho ni takriban kilomita 80, na njia haina kona za kubadilisha magari. Tunakata uwanda wa Kano hadi Ahero, penye mashamba ya mpunga. Hapo barabara ya Kisii inakwenda kulia, nasi tunashika ya Awasi. Baadaye barabara inaanza kupanda, tunapita Kapsoit, na majani ya chai yanatandazika kama mkeka pande zote mbili.

Pili, ni mahali pa kujifunza. Sisi tuko kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000. Mwalimu wa Jiografia alitufundisha kuwa kwa kila mita 1,000 unazopanda, halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5. Chukua kalamu upige hesabu. Tofauti ya mita 900 ni karibu nyuzi 6. Kwa hiyo usicheke ukiambiwa ubebe sweta na huku Kisumu unatoka jasho.

2. Saa ya kurudi

Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili anakaa Dunga na nyanya yake. Mwaka jana nyanya alimwambia, "Nenda mjukuu wangu, lakini jua lisitue kama hujafika." Hakupata jibu, na binti hakuruhusiwa. Mwaka huu tumelifanya neno la nyanya kuwa msingi wa ratiba yetu yote.

Hapa kwetu kuna miezi ambayo jua hutua kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Kutoka shuleni hadi Dunga tumempa saa nzima ya kutembea. Kwa hiyo ni lazima awe shuleni kufikia saa kumi na moja na nusu. Tumeongeza saa moja ya dharura, maana pancha haibishi hodi. Sasa tumerudi hadi saa kumi na nusu. Barabarani tunahesabu saa mbili. Kumbe gari sharti ling'oe nanga Kericho saa nane na nusu mchana!

Na asubuhi je? Kuna waliotaka tuondoke alfajiri ili tupate muda mrefu zaidi. Lakini aliyekatazwa kutembea gizani jioni hawezi kuambiwa atembee gizani asubuhi. Akitoka kwao saa kumi na mbili na nusu kumekucha, anafika shuleni saa moja na nusu, na sote tunafika Kericho saa tatu na nusu. Tunabaki na saa tano kamili za kutembea. Zinatosha, mradi tusizipoteze tukibishana pa kwenda.

3. Mvua nayo ina ratiba yake

Kuna waliolalamika kuwa saa nane na nusu ni mapema mno. Hawa hawajaijua Kericho. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, ukibeba unyevu. Hukutana na pepo zitokazo mashariki juu ya nyanda za juu. Hewa hiyo hupanda, hupoa na kuwa mawingu, na mara nyingi alasiri ngurumo huanza. Kericho na Nandi Hills ni mahali panapojulikana duniani kwa mvua ya mawe. Mvua hii isiyopumzika sana kwa mwaka mzima ndiyo inayoupenda mchai, lakini si rafiki wa mtu aliye katikati ya shamba bila mwavuli. Basi shamba la chai tutalitembelea kwanza, asubuhi, na mambo ya mjini yatafuata.

4. Hesabu ya nauli

Wanafunzi ni 30 na walimu ni 2. Matatu ya kawaida huchukua abiria 14, hivyo mbili ni watu 28, na itabidi tukodi ya tatu kwa ajili ya watu wanne. Basi dogo la viti 33 linatufaa zaidi.

Tuseme, kwa mfano tu, basi hilo linakodishwa kwa shilingi 15,000. Wanafunzi 30 wakilipa, kila mmoja anatoa 500. Wakijitokeza 20, kila mmoja anatoa 750, kwa kuwa mwenye gari hapunguzi bei eti kwa sababu viti vimebaki wazi. Hapa ndipo penye uchungu. Anayejiandikisha kwa mzaha kisha akajitoa anamwongezea mzigo yule aliyeuza mandazi mwezi mzima ili apate mia tano zake. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba jina bila pesa si jina. Haba na haba hujaza kibaba, na mweka hazina anapokea hata shilingi hamsini kila Ijumaa. Gari litakodiwa baada ya pesa kuhesabiwa, si kabla.

5. Barua ya kuomba ruhusa

Shamba la chai si uwanja wa umma, huwezi kuingia tu na kupiga picha. Ni lazima tuandike barua rasmi mapema, na hapo Chama cha Kiswahili hakina kisingizio. Barua iwe na anwani ya shule, tarehe, anwani ya meneja wa shamba, kisha mtajo na kiini cha barua. Mwili useme tuko wangapi, tutafika saa ngapi, tutaondoka saa ngapi, na tunataka kuona nini. Usijaze mafumbo na methali. Meneja anataka tarakimu.

6. Tunaenda kuona nini?

Tutaona jinsi wachumaji wanavyochuma majani mawili na chipukizi lake, na kuyaacha mengine. Tukipewa ruhusa ya kiwandani, tutaona majani yakinyaushwa, yakikatwa, yakiachwa yageuke kutoka kijani hadi rangi ya shaba, kisha yakikaushwa. Mjini tutatazama Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililozinduliwa mwaka 2015, lenye paa linaloteremka kama mlima, na hekalu la Kalasinga, ambamo mgeni hufunika kichwa na kuvua viatu.

Lakini tusiende kwa ajili ya picha tu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai wa Wakipsigis, kwa kuwa iliogopa uwezo wao juu ya watu. Waliondolewa Kericho, penye baridi, wakapelekwa Gwassi, kando ya ziwa letu hili hili, ambako leo ni Kaunti ya Homa Bay. Walikaa huko hadi miaka ya 1960. Sisi tutapanda mlima asubuhi na kurudi kwetu jioni kwa hiari. Wao waliteremshwa kwa nguvu, na hakuna aliyewaambia watarudi saa ngapi. Ukiyajua hayo kabla ya kufika, utayatazama mashamba yale kwa macho mengine.

Maswali ya kujipima

(a) Wanafunzi 24 wakilipa gari la shilingi 15,000, kila mmoja atatoa ngapi?

(b) Pancha ikichukua saa moja na nusu pale Awasi tukirudi, tutavunja ahadi ya nyanya kwa dakika ngapi? Taja wanachama wawili watakaomsindikiza mwenzetu hadi mlangoni.

(c) Eleza kwa nini mpunga hustawi Ahero na chai hustawi Kericho.

(d) Andika barua ya kuomba ruhusa. Barua itakayokuwa bora ndiyo itakayotumwa.

Majibu yapelekwe kwa katibu. Waswahili husema mipango si matumizi, nasi mwaka huu tuyafanye yote mawili. Daftari la majina liko kwake, na linafungwa Ijumaa ya wiki ya nne.